Mzee karudi nyumbani na mashine ya oksijeni, bro wa Marekani anasema tutafute RT. Hivi Bongo wapo kweli?

#1 Mjukuu wa Usambara
Wakuu habari za jioni, niende moja kwa moja. Mzee wetu yuko Korogwe, zamani aliugua TB akatibiwa akapona, ila miaka ya karibuni akitoka kitandani mpaka mlangoni anahema kama kapanda mlima. Juzijuzi kalazwa, karuhusiwa na maelekezo ya oksijeni nyumbani, lita 2 kwa dakika, isipungue saa 15 kwa siku. Ndugu tukachangishana tukapata mashine ya lita 5, ile inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja. Aliyeileta kaichomeka ukutani, kaonyesha swichi, kapiga picha kasepa.

Sasa nina mambo mawili. Mchana kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kinasoma asilimia 91, 92, lakini usiku wa manane kinaporomoka hadi 84, 83 huko, na asubuhi mzee analalamika kichwa. La pili, bro yuko majuu anasema kule mgonjwa wa hivi anatembelewa nyumbani na mtaalamu wa upumuaji, wanamwita RT, si daktari si nesi, yeye shughuli yake mapafu na mashine tu. Anasema tumtafute atalipa. Nimeulizia hospitali wakaniangalia kama nimeulizia bei ya meli.

Hivi hawa watu wapo hapa kwetu? Na kama hawapo, kwa nini hawapo?

#2 Tuliza Boli
"Atalipa." Mkuu pokea hiyo hela kwanza, RT tutamtafuta taratibu 😂😂

Utani pembeni, mzee apate nafuu.

#3 Nesi wa Zamu
Pole kwa kuuguza. Mimi ni nesi, wodi ya wanaume, Mwanza. Hiyo kazi anayoisema bro wako tunaifanya sisi kila siku, kuweka oksijeni, kuangalia saturesheni (kiwango cha oksijeni kwenye damu), kuvuta makohozi, nebulaiza (kuvutisha dawa kwa mvuke), kufundisha ndugu. Kada hiyo sijawahi kuiona kwenye tangazo la ajira za serikali na nimeshasoma matangazo mengi sana maana nilikaa mtaani. Kwa hiyo jibu fupi usimtafute mtu ambaye hayupo, mtafute nesi aliyestaafu hapo Korogwe aje jioni jioni, mtaelewana.

Kuhusu usiku, ule mpira wa puani unachomoka akigeuka. Hilo ndilo la kwanza kuangalia. Wazee wengi wanauvua wenyewe usingizini na asubuhi wanakataa kata kata.

#4 Kidagaa Kirefu
Mimi ningeizima hiyo mashine. Mapafu yakizoea kulishwa hewa hayafanyi kazi tena, jirani yetu alianza na saa chache akaishia masaa yote hadi akafariki nayo. Na ile mashine inamaliza hewa ya chumbani, mnaolala humo ndani na nyie mtaanza kuumwa vichwa.

#5 Houston Mbagala
Nimeitwa nisipoitwa. Mimi ni RT, niko Houston, nimesomea hukuhuku.

Kwanza Kidagaa, hapana, mara mbili. Jirani hakuizoea mashine, ugonjwa wake uliongezeka ndiyo maana akahitaji saa nyingi zaidi. Na mashine haimalizi hewa ya chumba, inachofanya ndani kuna punje za zeolaiti zinazoshika naitrojeni, oksijeni inapita kwenda kwa mgonjwa, halafu naitrojeni inarudishwa humohumo chumbani. Feni na mashine vinaweza kukaa chumba kimoja mwaka mzima na hewa isiishe.

Hizo saa 15 hazikuokotwa. Waingereza walitoa utafiti 1981 wakilinganisha wagonjwa waliopewa oksijeni angalau saa 15 kwa siku na wasiopewa kabisa, waliopewa waliishi muda mrefu zaidi. Mwaka mmoja kabla Wamarekani walilinganisha oksijeni ya usiku peke yake na ya karibu mchana na usiku kutwa, waliokaa nayo muda mrefu wakawa na afueni ya kuishi. Kwa hiyo kuizima ni kumpunguzia mzee siku, siyo kumzoesha mapafu. Ingawa tafiti zile zilikuwa za watu wa COPD, ugonjwa sugu wa njia za hewa kuziba, wa mapafu yaliyoachwa na TB tunawatibu kwa kuazima majibu hayohayo.

Sasa RT nyumbani anafanya nini. Simulizi ya kweli ya siku moja ya kazi, nyumba ya kwanza naingia, sianzi na mgonjwa, naanza na mashine. Nainusa, naisikiliza, nafungua kichujio cha nyuma, mara nyingi kimejaa manyoya ya paka. Naweka kipimo changu kwenye tundu la kutolea hewa kuona usafi wa oksijeni, mashine nzima itoe asilimia 90 na kitu, ikishuka chini ya 85 hapo mgonjwa hapati oksijeni aliyoandikiwa, anapata kelele tu za mashine nzima. Nafuata mpira mkono kwa mkono mpaka puani natafuta palipokunjika au palipokanyagwa na mguu wa kitanda. Halafu ndiyo namgeukia mgonjwa, nampima amekaa, nampima anatembea kwenda chooni, maana wengi wakikaa wana 93 wakifika chooni wana 82 na chooni ndiko wanakoanguka. Namwambia anionyeshe anavyotumia inhela. Asiniambie, anionyeshe. Hapo ndipo unaona mtu amevuta dawa miaka na yote inaishia kwenye ulimi.

Nesi wa Zamu sikupingi, unaweza kuyafanya yote. Swali ni una muda huo? Wodi yako ina wagonjwa wangapi kwa nesi mmoja?

#6 Nesi wa Zamu
Usinichokoze 😅 Tukianza idadi huu uzi utafungwa.

#7 Mchumi Uchwara
Mnazunguka tu, jibu ni hela. Kada inazaliwa pale ambapo kuna mtu wa kulipa. Marekani bima inamlipa RT ndiyo maana yupo, hapa bima ikimlipa kesho vyuo vitafungua kozi keshokutwa. Hakuna siri nyingine.

#8 Houston Mbagala
@Mchumi Uchwara hapo umeteleza kidogo. Medicare, ile bima ya wazee huku, kwenye huduma za nyumbani inalipia nesi, fizio (mtaalamu wa mazoezi ya tiba), mtu wa matamshi, lakini RT hayumo kwenye orodha ya wanaolipwa kwa ziara. Wengi tunaokwenda majumbani tumeajiriwa na kampuni zinazokodisha mashine, mishahara yetu inatoka humohumo kwenye kodi ya mashine. Medicare inalipa kodi hiyo miezi 36, baada ya hapo malipo yanasimama na kampuni inatakiwa iendelee kumhudumia mgonjwa hadi itimie miaka 5. Sasa we fikiria kampuni inayopoteza hela kwa mgonjwa wa mwezi wa 37 inamtuma RT mara ngapi. Mara nyingi wanamtuma dereva.

Kwa hiyo bro wa Mjukuu amesifia kidogo. Wapo wanaotembelewa, na wapo wengi ambao wameona dereva tu.

#9 Tuliza Boli
Kumbe hata huko "kaichomeka kapiga picha kasepa" ipo 😂 Dunia kijiji.

#10 Mchumi Uchwara
@Houston Mbagala sasa umenipinga au umeniunga mkono? Bima hailipi ziara, ziara hazifanyiki. Nilichosema ndicho hicho.

#11 Fizio wa Moshi
Nimesoma mpaka hapa nacheka tu. RT mnayemtafuta yupo, anaitwa mtu wa fiziotherapia. Kifua ni somo kamili chuoni, tunafundisha kupumua kwa kubana midomo, kukohoa kwa kutoa pumzi ya "haa" bila kujichosha, kumlaza mgonjwa kwa pembe ili makohozi yashuke kwa uzito wake. Tatizo jamii inatujua kwa mgongo na stroku basi.

Mzee mwenye historia ya TB usiku analala vipi? Kama analala chali kitanda flati makohozi yanajikusanya kwenye sehemu ya pafu iliyoharibika, mnazibua njia mchana akikaa akikohoa, usiku zinaziba tena. Mwinueni kichwa na kifua, siyo mito mitatu shingoni inayomkunja kidevu, weka tofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Na kabla ya kulala akae nusu saa afanye zoezi la kutoa makohozi. Mimi dau langu liko hapo.

#12 Bint Makunduchi
Assalaam aleikum. Naishi Muscat. Huku RT wapo, nimewaona ICU mamangu mdogo alipolazwa, ila aliporudi nyumbani hakuna RT aliyetufuata, tulimhudumia sisi watoto wa kike na yaya. Kwa hiyo kuwa na kada hospitali ni jambo moja, kumfikisha mlangoni kwa mgonjwa ni jingine.

Nilichotaka kusema mimi ni vitu viwili ambavyo daktari hakutwambia. Kimoja, kile kidude cha kidoleni na piko. Mama alikuwa kapakwa piko jeusi vidole vyote kwa ajili ya harusi, kikawa kinasoma 79 tukachanganyikiwa tukamrudisha hospitali usiku, kule wakamweka cha sikioni kikasoma 93. Mjukuu mzee hana piko najua 😄 lakini kidole cha baridi nacho kinadanganya, usiku mkono ukiwa nje ya shuka sugua kwanza.

Cha pili ni ubani. Nyumba zetu magharibi haipiti bila chetezo, na mgonjwa ndiye anayetaka kufukizwa kuliko wote. Makaa ya moto na mpira wa oksijeni chumba kimoja ni balaa, oksijeni yenyewe haiwaki lakini inakifanya chochote kinachowaka kiwake kwa kasi ya ajabu, shuka na ndevu zimo. Na ule moshi kwa mapafu yale ndio basi tena. Sisi chetezo kilihamia uani, mama alinuna wiki nzima.

#13 Mama Wawili
Bint umenigusa. Na mafuta ya mgando jamani, mpira ukimchubua mgonjwa pua watu wanampaka mafuta mazito, hapana, tafuta ya kulainisha yaliyotengenezwa kwa maji.

Mimi ninaye mtoto mwenye tundu la kupumulia shingoni. Tuliruhusiwa na mashine ndogo ya kuvuta makohozi, mafunzo yalikuwa asubuhi ya siku ya kutoka, huku nalipia bili huku naonyeshwa. Nesi alinionyesha vizuri sana kwa haraka sana. Usiku wa kwanza mrija wa ndani ukaziba na makohozi makavu, mtoto akawa anavuta hewa mbavu zinaingia ndani. Niliuchomoa nikauosha kwa mswaki nikarudisha huku mikono inatetemeka, mume wangu kashika tochi. Sasa hivi nafanya nikiwa nusu usingizini. Kwa hiyo mkibishana ni kazi ya nesi au ya fizio au ya RT, nyumbani ni kazi ya mama.

#14 Nesi wa Zamu
@Mama Wawili hongera sana dada. Uwe na mrija wa akiba saizi ileile na mmoja saizi ndogo zaidi pembeni ya kitanda siku zote. Na hewa inayopita hapo iwe na unyevu, ndiyo maana makohozi yanakauka, pua ingefanya kazi hiyo lakini imerukwa.

#15 Kidagaa Kirefu
Houston sawa nimekusikia kuhusu hewa ya chumba. Ila kwenye mgonjwa kuzidishiwa oksijeni nilikuwa na maana yangu, kuna mzee alipandishiwa hadi lita 5 na mwanae kwa huruma, akalala usingizi mzito hakuamka. Hilo nalo mtaniambia uongo?

#16 Houston Mbagala
Hilo siyo uongo, na ndilo linalonitia wasiwasi kwa mzee wa Mjukuu. Wagonjwa wenye COPD na baadhi ya wenye mapafu yaliyoharibika kwa TB hawawezi kutoa hewa chafu, kabonidayoksaidi, inajaa kwenye damu. Ukiwapa oksijeni nyingi inajaa zaidi, mtu anakuwa na usingizi, anaongea ovyo, kichwa kinauma hasa akiamka. Ndiyo maana kwa watu hao lengo ni 88 hadi 92, siyo 98 ya kijana anayecheza mpira. Ndugu wakiona 90 wanapandisha kitufe wakidhani wanasaidia. WHO wameiorodhesha oksijeni kwenye dawa muhimu, sasa dawa ina dozi.

Mjukuu sikiliza. Usipandishe lita usiku kwa kuona 84, kichwa cha asubuhi kinaniambia huenda kaboni inajaa akilala. Hicho kidude cha kidole hakioni kaboni hata kidogo. Kipimo chake ni damu ya ateri, inachukuliwa kwenye kifundo cha mkono, inasomwa hapohapo kwenye mashine, hospitali kubwa wanacho. Mrudisheni kwa daktari mwombe hicho kwa jina. Na akianza kusinzia mchana mkimwamsha haelewi, hapo msisubiri kliniki.

Kingine, kidude hicho kwa ngozi nyeusi kina tabia ya kusoma juu kuliko ukweli. Kuna utafiti wa Michigan ulitoka 2020, wagonjwa weusi walipitwa bila kugundulika wana oksijeni ndogo karibu mara tatu ya weupe. Kwa hiyo hiyo 91 ya mchana nayo usiiamini kama msahafu.

#17 Umeme ni Uhai
Sasa ngoja watu wa fani tuongee. Hamjaulizia umeme! Mashine ya lita 5 inataka wati kama 350 na volti iliyotulia. Mtaani kwetu volti inashuka mpaka taa zinakuwa nyekundu, mashine ikikosa nguvu kompresa inalegea, oksijeni inakuwa nyepesi. Usiku ndipo wote wako nyumbani, pasi, friji, luninga. Ndiyo maana mzee anashuka usiku. Nunua stabilaiza ya wati elfu moja.

#18 Tuliza Boli
Fundi usiku wa manane nani anapiga pasi? 😂😂 Saa moja jioni ningekuelewa, saa nane usiku mtaa mzima umelala volti inapanda.

#19 Umeme ni Uhai
Volti kupanda nayo ni tatizo. Stabilaiza inashughulika na zote mbili 😎

#20 Mzaramo wa Leicester
Salaam. Huku Uingereza RT hakuna na watu wanapumua. Oksijeni ya nyumbani inaendeshwa na timu, manesi wa kifua, fizio na wataalamu wa vipimo, wanakupima damu kwanza ndiyo unaandikiwa mashine, halafu wanakufuata kukupima tena, na kampuni ya mashine inarudisha gharama ya umeme iliyotumika. Ile ya Marekani ina historia yake, hospitali zilijaa mitungi na vijana wa kusukuma mitungi, wakaunda chama Chicago 1947, wakajiendeleza mpaka wakawa fani. Copenhagen 1952 polio ilipoua watu kwa kukosa pumzi waliita wanafunzi wa udaktari wakae wakibinya mfuko wa hewa kwa mkono zamu kwa zamu, hawakusubiri kada. Kila nchi ilipanga kivyake. Hoja siyo jina la mtu, hoja kuna mtu ambaye kwake mzee wa Korogwe ni jukumu lake baada ya kutoka getini?

#21 Fizio wa Moshi
Hapo kwenye kurudishiwa gharama ya umeme nimesoma mara mbili.

#22 Mchumi Uchwara
Twende kwenye Luku. Wati 350 mara saa 15 ni uniti 5 na robo kwa siku, mwezi uniti 157. Kutwa nzima ni uniti 8.4, mwezi 252. Kama mzee yuko kwenye ule mpango wa uniti 75 wa bei nafuu sahau, mashine peke yake inamtoa nje. Kwa bei ya shilingi mia tatu hamsini na kitu kwa uniti hizo saa 15 zinavuka elfu hamsini kwa mwezi, kabla hajawasha taa. Mstaafu wa mkonge pensheni yake mnaijua. Halafu mnashangaa mashine inazimwa usiku "ili ipumzike".

Mjukuu, samahani kwa kuuliza, nani analala na mzee? Una uhakika mashine haizimwi?

#23 Mjukuu wa Usambara
Wakuu asanteni, nimesoma zote. Mchumi umenipeleka mbali, bi mkubwa ndiye analala naye na bi mkubwa na Luku ni paka na panya, nitauliza kwa akili.

Fizio tofali tumeweka. Paka hatuna ila kichujio cha nyuma kilikuwa na vumbi limeshonana kama blanketi, tumekiosha. Nyongeza, ukoo unasema tumhamishie Lushoto kwa shangazi kuna hewa safi ya baridi, mnaonaje?

#24 Msee wa Nakuru
Usijaribu bana. Sisi mathe alikuwa Nakuru, tuko juu huku karibu mita 1,850, oksijeni ilikuwa inacheza 85 hivi. Alipoenda kwa sista Mombasa ilipanda yenyewe bila dawa mpya. Hewa ya mlimani ni safi sawa lakini ni nyepesi.

#25 Houston Mbagala
Msee yuko sahihi. Kutoka Korogwe kupanda Lushoto mgandamizo wa hewa unapungua zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kwa mzima haoni kitu, kwa mtu aliye ukingoni ni kumsukuma. Shangazi aje yeye Korogwe.

Mjukuu jaribu kitu hiki leo, kinachukua dakika moja. Washa mashine lita 2, chukua glasi ya maji, tumbukiza ncha za ule mpira wa puani, tazama mapovu. Halafu chomoa mpira, weka mwingine mfupi moja kwa moja kwenye mashine bila kupitia kile kichupa cha maji kinachoipa hewa unyevu, tumbukiza tena. Kama mapovu ya pili ni mengi kuliko ya kwanza hewa inapotelea kwenye kichupa, kifuniko hakijakaa. Tatizo la kichupa ni maarufu kuliko mnavyodhani, kinafunguliwa jioni kuongezwa maji, kinafungwa mshazari, usiku mzima kinavuja na mashine haipigi kelele kwa sababu yenyewe inatoa kama kawaida.

#26 Nesi wa Zamu
Na maji yawe yaliyochemshwa yakapoa, yabadilishwe kila siku, siyo kuongezea juu ya ya jana. Kichupa kikianza utelezi ndani ni shamba la bakteria.

#27 Duka la Vifaa Tiba Asili na Kisasa
Habari mteja wetu! Tunauza mashine lita 10, mipira, vichupa, tunaleta popote na RT wetu anakuja kufunga bure. Njoo inboksi.

#28 Tuliza Boli
Ameonekana! RT kaonekana 😂😂😂 anafunga na kupiga picha?

#29 Fizio wa Moshi
Amesomea wapi huyo RT wenu tafadhali?

#30 Nesi wa Zamu
Kimyaaa.

Baada ya Korona mitambo ya oksijeni ilijengwa hospitali nyingi za mikoa, ni jambo zuri sana, zamani tulikuwa tunagombania mtungi mmoja. Lakini bomba linaishia ukutani wodini. Kutoka pale mpaka nyumbani kwa mgonjwa ni uwanja wa wenye maduka. Hilo ndilo jibu langu la kwa nini hawapo, siyo hela tu Mchumi, hakuna aliyeamua hiyo njia ni ya nani.

#31 Mama Wawili
Mimi naona wapo wanaoweza kufundishwa. Wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii wanatembelea majumbani kwa TB na ARV miaka yote, mpe mmoja kidude cha kidoleni na mafunzo ya kweli aje kwetu mara moja kwa mwezi.

#32 Fizio wa Moshi
Mafunzo ya kweli ni ya muda gani? Naogopa tutaishia na mtu wa semina ya siku mbili anayempandishia mzee lita.

#33 Mama Wawili
Mimi nilifundishwa asubuhi moja kaka.

#34 Houston Mbagala
Daah.

Kwa wenye pumu humu, wakati mnasubiri kada, chupa ya maji ya nusu lita. Madaktari wa Cape Town walionyesha 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitako kwa saizi ya mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri pembeni inafanya kazi sawa na kile kifaa cha dukani kwa watoto. Puliza kwenye chupa, mtoto avute taratibu mdomoni. Ioshwe kwanza na ikauke.

#35 Mjukuu wa Usambara
Mrejesho. Glasi ya maji imesema, kichupa kilikuwa kinavuja kweli, uzi wa kifuniko umechanika kidogo. Tumepata kingine Tanga mjini. Pia mashine ilikuwa INAZIMWA, siyo usiku kucha, kipande cha alfajiri, bi mkubwa anasema inaunguruma anakosa kuswali vizuri. Sasa usiku anasoma 87, 88. Ila kichwa cha asubuhi bado kipo.

#36 Nesi wa Zamu
Kwa hiyo nilikuwa karibu, binadamu ndiye anayeikatisha.

#37 Fizio wa Moshi
Na tofali je? Umebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, huwezi kujua kipi kimepandisha.

#38 Umeme ni Uhai
Stabilaiza hujanunua bado lakini.

#39 Houston Mbagala
Kichwa kikibaki kipimo cha damu kinabaki. Msiridhike na 88. Na anakoroma? Anakoroma halafu anakata pumzi kidogo halafu anashtuka? Mwambie bi mkubwa amsikilize, hiyo ingekuwa habari nyingine kabisa na mashine nyingine.

#40 Mjukuu wa Usambara
Anakoroma tangu sijazaliwa mkuu, tulidhani ndio uzee wa ukoo. Tuna miadi ya Tanga wiki ijayo, nimeandika "damu ya ateri" kwenye karatasi. Fundi, umeme ukikatika tuna mtungi mmoja mkubwa wa lita 6,800, unatosha muda gani? Na inveta je?

#41 Umeme ni Uhai
Hapo sasa. Mtungi lita 6,800 gawa kwa 2 ni dakika 3,400, saa 56 hivi ukiwa umejaa kweli, angalia geji siyo maneno ya aliyekuuzia. Fungeni kwa mnyororo ukutani usidondoke, na mkono wenye mafuta usishike regyuleta. Inveta, betri ya 200Ah ya volti 12 ni wati-saa 2,400 kwenye karatasi, za asidi usizinywe zaidi ya nusu, toa na kinachopotea njiani, mashine ya wati 350 utapata saa 3 kasoro au na ushee. Ukitaka usiku mzima ni betri za lithiamu na bro wa Marekani ahusike.

#42 Tuliza Boli
Nilisema posti namba 2. Ipokeeni hela.

#43 Msee wa Nakuru
Fundi hapo kwa inveta, lazima iwe ya wimbi safi, ile inatoa umeme laini kama wa ukutani, ama hizi za bei rahisi ziko sawa? Yetu ikiwasha mashine inanguruma vibaya na taa ya njano inawaka.

#44 Umeme ni Uhai
Wimbi safi msee, kompresa haitaki ujanja. Na wakati wa kuwaka inavuta zaidi ya ile 350, chukua ya wati elfu moja kwenda juu. Taa ya njano kwenye mashine nyingi ni oksijeni kuwa chini, usimweke mathe hapo mpaka uiangalie. Ni modeli gani? Piga picha ya lebo ya nyuma uitupie humu.